Uzi: Ovataimu ni ya nani wakati mwenzako ametumwa nyumbani?

Haya ni maneno niliyosema juzi kwenye ukumbi mmoja hapa Embakasi, mbele ya vijana na wazee wa mitaa ya karibu. Walioyakosa wameniomba niyaandike, kwa hivyo nimeyaleta hapa kama uzi. Kama kawaida yetu, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa. Tunashika hoja, watu tunawaacha.



Kila msimu wa siasa ukifika Eastlands, mada ya kazi haikosi. Mmoja anapanda jukwaani Donholm anasema kazi hakuna. Mwingine anapanda Pipeline anasema kazi zipo, ila kuna wachache wamezishikilia. Na akitafuta mfano wa hao wachache, mkono wake unaelekea uwanja wa ndege: "Waangalieni marubani. Wenzao wako nyumbani bila mshahara, wao wanaongeza safari na kuongeza pesa." Watu wanapiga makofi. Mimi hayo makofi huwa hayanikai vizuri, kwa sababu nusu ya ile hoja ni kweli, na nusu ya pili ndiyo huwa haisemwi.

Na hii mada ni yetu, msidhani ni ya watu wa mbali. Ukitoka Tassia, Fedha au Utawala alfajiri, lazima utakutana na mtu wa jaketi la kung'aa anakimbilia zamu JKIA. Rubani huenda hapangi Pipeline, sawa. Lakini anayepakia mizigo, anayesafisha ndege, anayepika chakula cha abiria, fundi, mlinzi wa langoni, hao ni majirani. Ndege zikikaa chini, keateka wa ploti huwa anajua kabla gazeti halijaandika.

Mnakumbuka 2020. Tarehe 25 Machi Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria. Za ndani zilirudi 15 Julai, za kimataifa 1 Agosti. Katika kipindi hicho Kenya Airways ilikata mishahara, ikatuma watu likizo bila malipo, na kabla mwaka haujaisha ikawa inapunguza wafanyakazi. Hasara ya mwaka ule ilikuwa Sh36.2 bilioni. Na msiniambie hayo ni mambo ya kampuni ya watu. Tangu marekebisho ya 2017 serikali inashikilia asilimia 48.9 ya hisa, maana yake wewe na mimi tuko mle ndani hata kama hatujawahi kupanda ndege.

Lakini anga haikufungwa yote. Ndege za mizigo ziliruhusiwa, na kila safari ilihitaji nahodha na msaidizi wake. Kwa hivyo swali likajileta lenyewe, hapa na kote duniani: kazi imebaki kidogo, wenye uwezo wa kuifanya ni wengi, nani aifanye? Na yule aliyebaki kazini, akipigiwa simu siku yake ya mapumziko aambiwe kuna safari ya ziada, ajibu nini?

Kwa rubani swali hili lina makali ambayo sisi wengine hatuna. Fundi wa magari akikaa nyumbani miezi minne, akirudi bado ni fundi. Rubani hayuko hivyo. Kanuni za usafiri wa anga zinamtaka awe amepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 ndipo aruhusiwe kubeba abiria. Zikipita bila hayo, lazima arudishwe kwenye mtambo wa mazoezi au aruke chini ya mkufunzi, na hiyo si bei ya mchezo. Ndiyo maana safari ya ziada unayoichukua wewe inaweza kuwa ndiyo ile ambayo ingemweka mwenzako hai kitaaluma. Amekosa mshahara, na ile ngazi ya kurudi nayo inaondolewa pole pole.

Sasa tushuke kutoka angani tuje kwa hesabu yetu ya chini, kwa mpakiaji na mlinzi. Marubani wana mkataba wao wa pamoja na saa zao zina kikomo chake. Kwa mfanyakazi wa kawaida Kenya, amri ya jumla ya mishahara inasema wiki ya kazi ni saa 52. Ukizidisha siku za kawaida unalipwa mara moja na nusu, siku yako ya mapumziko na sikukuu mara mbili. Halafu kuna kikomo ambacho wengi hawakijui: kazi ya kawaida pamoja na ovataimu isizidi saa 116 ndani ya wiki mbili. (Wa usiku wana kikomo chao, 144.)

Pigeni hesabu na mimi. Wiki mbili za kawaida ni saa 104. Toa hiyo kwenye 116, unabaki na saa 12. Watu tisa wakifanya ovataimu yote ambayo sheria inaruhusu, hizo ni saa 108. Saa 108 ni zaidi ya kazi nzima ya mtu mmoja. Yaani watu tisa, bila kuvunja sheria yoyote, bila kumchukia mtu yeyote, wameshafanya kazi ya mtu wa kumi. Na mtu wa kumi ameketi nyumbani Kayole akiambiwa hakuna kazi.

Hapo ndipo yule wa jukwaani yuko sahihi. Ovataimu wakati mwenzako ametumwa nyumbani si jambo lako binafsi. Ni ushahidi. Mwajiri anasema hana kazi ya kutosha, na wewe kila Jumapili unatia sahihi kwenye daftari kuonyesha kwamba kazi ipo.

Lakini sikilizeni nusu ya pili. Lile daftari la zamu nani analipanga? Si mpakiaji. Na kwa nini mwajiri akubali kulipa saa 108 kwa bei ya mara moja na nusu badala ya kumrudisha mtu mmoja kwa bei ya kawaida? Kwa sababu mtu mmoja ana likizo yake, ana bima, ana NSSF, anaugua, anazaa, na siku ukitaka kumwondoa unamlipa. Ovataimu unaizima kwa simu moja. Bei inaonekana ghali kwenye payslip, lakini haina mizizi.

Na likizo bila malipo ni nyepesi kwake zaidi. Ukimpunguza mtu rasmi, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakudai: notisi ya mwezi kwa chama au kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, uangalie nani ametumikia muda mrefu, ujuzi wake na uaminifu wake, halafu ulipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Ukimwacha akingoja nyumbani, haumlipi mshahara na haumlipi hayo mafao. Sheria hiyo haina kifungu kinachompa mwajiri ruhusa ya kukulazimisha likizo bila malipo, lakini mtu mwenye kodi ya nyumba anapewa karatasi na kalamu, ataweka sahihi tu.

Kwa hivyo mwanasiasa anaposema "marubani wana tamaa", ameruka mtu mmoja. Amemnyooshea kidole anayeitikia simu, na anayepiga simu hakumtaja.

Najua kuna wanaosema: kila mtu apambane na hali yake, mimi nina watoto. Siwacheki. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kampuni moja ya kuhudumia mizigo, na nimeona mtu anachukua ovataimu kwa sababu jirani yake amesimamishwa na ni yeye anamlipia mtoto wa jirani karo. Ukimwita huyo msaliti, wewe hujui mtaa. Tena ukikataa peke yako, zamu inapewa anayefuata kwenye orodha, na jina lako linawekwa alama. Mtu mmoja mwenye maadili mema hawezi kurudisha mwenzake kazini. Anaweza tu kubaki maskini zaidi na dhamiri safi.

Ndiyo maana mimi sikubali hili suala libaki la dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Linataka makubaliano ya wote, na yaandikwe kabla ya dhoruba.

Kuna waliojaribu. Uingereza, Julai 2020, chama cha marubani cha BALPA kilikubaliana na British Airways kwamba wanaobaki wakatwe mishahara, kuanzia asilimia 20 na kushuka baadaye, ili wasifukuzwe wengi. Kampuni ilikuwa imetaka kuondoa marubani zaidi ya 1,200. Waliolazimishwa kuondoka wakawa kama 270, na wengine 300 hivi wakawekwa akiba kwa mshahara mdogo. Marekani, Septemba mwaka huo huo, marubani wa United walikubali kugawana saa chache zilizobaki, na karibu wenzao 2,850 hawakutumwa nyumbani. Si hadithi tamu, watu waliumia mfukoni. Lakini waliumia pamoja, na saa ziligawanywa kwa karatasi, si kwa nani anapendwa na ofisi ya zamu.

Hapa kwetu tumezoea kukimbilia kortini baadaye. Mwaka 2012 Kenya Airways ilipunguza wafanyakazi karibu 600. Mahakama ya Viwanda, kama ilivyoitwa wakati ule, iliamuru 447 warudishwe kazini. Watu walisherehekea. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri ya kuwarudisha. Miaka miwili ya kungoja, na ile kazi haikurudi. Korti inaweza kukupa fidia. Zamu yako imeshapewa mtu.

Hata mgomo wa marubani wa Novemba 2022, ule uliojaza abiria pale JKIA, ulikuwa na mkia wa korona: mwajiri alikuwa amesimamisha michango yake kwenye mfuko wao wa akiba. Korti iliwaamuru warudi kazini baada ya siku chache. Mtaani wengi waliwatukana, wakasema hawa wanalipwa vizuri wanataka nini tena. Lakini deni la wakati wa shida, lisipozungumzwa wakati wa shida, linarudi wakati ndege zimejaa.

Basi akija mtu kuomba kura yako na hiyo hoja ya wachache walioshikilia kazi, usipige makofi haraka. Muulize: utaunga mkono sheria inayosema mwajiri asipunguze mtu wala kumtuma likizo bila malipo huku analipa wengine ovataimu kwenye idara ile ile? Kampuni ambazo serikali ina hisa, utazitaka zitoe hadharani jumla ya saa za ovataimu kabla ya kutoa notisi ya kupunguza watu? Aliyesimamishwa, atakuwa wa kwanza kuitwa zamu ikiongezeka, au ataajiriwa mpya wa bei rahisi kupitia wakala? Akijibu kwa hadithi ya marubani na magari yao, umeshamjua.

Mwisho wa mazungumzo mama mmoja wa Nyayo aliinua mkono. Kijana wake ni mpakiaji, bado yuko kazini, wenzake watatu wametumwa nyumbani tangu mwezi uliopita. Aliniuliza: "Sasa mwanangu, Jumapili akipigiwa simu, aende au asiende?"

Nilimjibu, mama, aende. Lakini aandike. Tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, kazi aliyofanya na nani angekuwa kwenye ile nafasi. Amwombe kila aliyebaki kwenye ile idara aandike pia, na karatasi zote zifike kwa mwakilishi wa chama kabla ya mwisho wa mwezi. Wakifika kwa afisa wa kazi kuzungumzia wale watatu, watahitaji hesabu, na hiyo hesabu haitatoka kwa mwajiri.

Aliuliza kama daftari la shule linatosha. Linatosha.