Maneno ya Msingi katika Kujifunza Biblia Kikatoliki: Kutoka Laurel, Marekani

Mji wa Laurel, katika jimbo la Maryland, uko kandokando ya mto Patuxent, takriban katikati ya njia itokayo Washington kwenda Baltimore. Parokia yake ya Mtakatifu Maria wa Vinu, iliyo chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Washington, inakumbusha kwa jina lake vinu vya pamba vilivyoulea mji huo katika karne ya 19. Mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo ni Silver Spring, yaliko makao makuu ya Waadventista Wasabato ulimwenguni. Kwa Mkatoliki anayehamia pande hizo kutoka Kisii au Musoma, ujirani wa namna hiyo si jambo geni.

Ugumu huonekana siku ya msiba. Somo la Misa ya mazishi laweza kuteuliwa kutoka Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, pale Yuda Makabayo anapokusanya drakma 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu, ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa vitani. Shemeji wa marehemu, asiye Mkatoliki, anafungua Biblia yake ya Union Version ya mwaka 1952, na kitabu hicho hakimo. Anamwuliza mjane kwa upole: Je, ninyi mmeongeza vitabu? Mjane hukosa la kujibu, si kwa upungufu wa imani, bali kwa sababu hakuwahi kufundishwa maneno yenyewe.

Neno la kwanza ni kanuni. Asili yake ni Kigiriki, mwanzi wa kupimia. Likapita katika Kiarabu hata kufika pwani ya Afrika Mashariki. Kanuni ya Maandiko Matakatifu ni orodha ya vitabu ambavyo Kanisa limevipokea kuwa kipimo cha imani. Kwa Wakatoliki ni vitabu 73: vya Agano la Kale 46 na vya Agano Jipya 27. Vile saba visivyomo katika Biblia nyingi za Kiprotestanti, yaani Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli, huitwa deuterokanoni. Jina hilo halimaanishi vitabu vya daraja la pili. Ni vile ambavyo kukubaliwa kwake kulitanguliwa na mabishano.

Vilikuwamo katika Septuajinta, tafsiri ya Kigiriki iliyoanzwa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Sinodi za Hippo, mwaka 393, na Karthago, mwaka 397, zote katika ardhi ya Afrika, zilivihesabu kuwa Maandiko. Haki isemwe: Mtakatifu Yeronimo mwenyewe alikuwa na mashaka navyo. Martin Luther, katika Biblia yake ya mwaka 1534, aliviweka kando, kati ya Maagano mawili, na Mtaguso wa Trento ukathibitisha orodha nzima tarehe 8 Aprili 1546. Trento, basi, haukuongeza kitu; ulifunga mjadala. Katika mapango ya Qumran, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947, vilipatikana vipande vya Tobiti kwa Kiaramu na Kiebrania.

Neno la pili ni Mapokeo. Kiswahili kimelipa uzito wake, kwa maana chanzo chake ni kupokea: imani iliyotoka kwa Mitume, ikapokewa kabla kalamu haijaandika Injili. Majisterio, yaani mamlaka ya Kanisa ya kufundisha, hutafsiri Maandiko na Mapokeo hayo. Na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Dei Verbum, ya tarehe 18 Novemba 1965, inaeleza kwamba mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia.

Neno linalowapotosha wengi zaidi ni maana halisi. Hudhaniwa kuwa ni kusoma neno kwa neno. Sivyo. Mswahili akisema kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, maana halisi ya kauli hiyo ni umri, wala si mapishi. Vivyo hivyo Dei Verbum inamtaka msomaji atafute alichokusudia mwandishi, akiangalia kama anasoma shairi, unabii au historia. Juu ya msingi huo ndipo hujengwa maana ya kiroho.

Biblia Habari Njema ina toleo lenye deuterokanoni, na New American Bible, iliyotoka mwaka 1970, inavyo vitabu vyote 73. Mjane yule aweza kumfungulia shemeji yake sura ile ya 12, wakaisoma wote wawili kabla jeneza halijatolewa kanisani.