Tairi za Gari Livutalo kwa Magurudumu Manne



Sisi wa karakana ya reli twajua: magurudumu ya ekseli moja huchongwa pamoja yawe na kipimo kimoja. Gari livutalo kwa magurudumu yote manne daima, kama Subaru nyingi, lataka vivyo hivyo. Tairi iliyolika milimita 4, duara lake limepungua milimita 25. Hapo difu ya katikati haipumziki hata barabara nyofu. Yapata moto mpaka yafa, na bei yake yameza mishahara.

Moja ikipasuka, muuzaji atawaambia, "Nunua moja tu, bwana." Msikubali upesi. Pimeni meno ya zile tatu. Zikiwa nzima, tafuteni ya nne ya aina ile ile iliyolika sawasawa nazo. Zikiwa zimekwisha, heri kuchanga mnunue nne. Tena someni tarakimu ubavuni: 2319 ni juma la 23, mwaka 2019.