Mkoba Wangu, Sanduku Letu

(Hotuba ya mweka hazina wa kwanza wa kikundi, iliyotolewa siku ya sherehe)



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya mkoba wa mwanamke. Msicheke jamani. Kikundi hiki nusura kife kwa sababu ya mkoba.

Bibi zetu fedha waliifunga fundo kwenye pindo la khanga, au waliitia kibindoni, na sokoni walikwenda na kikapu cha ukili. Jirani zetu wa Kenya, Wakamba na Wakikuyu, wana kiondo chao cha katani, kazi ya mikono ya akina mama, ambacho kimeuzwa hadi Ulaya. Sisi tukaingia kwenye mifuko ya Rambo, mpaka Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukarudia vikapu vyetu. Safarini tunabeba lile begi kubwa la mistari, shangazi kaja. Harusini tunashika kipochi ambacho hata leso haienei. Na siku zote tuna mkoba wa begani: ndani mna kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, dawa ya kichwa, na noti moja iliyokunjwa mara nne ambayo baba watoto haijui.

Noti hiyo ndiyo maana ya mkoba. Ni akiba ya siku mtoto anapougua usiku. Ndiyo maana mkoba wa mama haupekuliwi.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wa kwanza hatukuwa na sanduku. Fedha za hisa zenu nilizitia kwenye mkoba wangu, nikapanda daladala. Kufika nyumbani, mkoba umechanwa kwa wembe upande wa chini, fedha hamna. Kesho yake nilisimama mbele yenu na mkoba ule uliochanwa. Wengine mliniamini, wengine hamkuniamini, wala siwalaumu. Nani aliona? Nililipa kwa kuuza vitenge miezi minane. Fedha zilirudi, ila wenzetu wanne walikuwa wamekwishaondoka. Leo nawaona wawili wameketi pale nyuma kama wageni. Karibuni sana dada zangu.

Baada ya hapo ndipo tukanunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu, sanduku analo wa nne, na halifunguliwi ila mkutanoni, fedha zikahesabiwa kwa sauti sote tukisikia. Tangu siku hiyo hatujapoteza hata shilingi.

Nasema haya kwa sababu nasikia pendekezo kwamba marejesho yatumwe kwenye simu ya mweka hazina, eti kuokoa muda. Ndugu zangu, simu ya mtu mmoja yenye namba ya siri ya mtu mmoja ni mkoba uleule wangu. Wembe tu ndio umebadilika. Mweka hazina wetu wa sasa ni mwaminifu, namfahamu. Hata mimi nilikuwa mwaminifu. Kama tunataka simu, basi tutafute huduma ya vikundi ambayo fedha haitoki mpaka waidhinishe zaidi ya mmoja. Tusimtwishe mwenzetu mzigo ulioniinamisha mimi.

Kila mama awe na mkoba wake na siri yake ndani. Lakini fedha ya wote iwekwe na wote, ifunguliwe mbele ya wote. Akiba haiozi, ila huibiwa.

Akina mama hoyee!