Kabla Mvua ya Kwanza Haijanyesha

 

Tuko mwisho wa Agosti. Vumbi limekaa juu ya majani ya migomba, na jioni mawingu yanaanza kukusanyika upande wa milima. Hapa Bukavu, na katika vijiji vya Kabare na Walungu, sisi sote tunajua maana yake. Kiangazi tulichoanza Juni kinakwisha, na mvua ya Septemba iko mlangoni. Katika maombi ya wiki hizi ombi moja linarudi kila siku: Bwana, tupe mvua. Ni ombi zuri. Lakini leo tujiulize: mvua hiyo ikija, tumeitengenezea njia ya kupita na mahali pa kukaa?

Kitabu cha Mithali, sura ya 6, kinamtuma mvivu kwa chungu. Mdudu yule ni mdogo, nguvu zake ni chache. Faida yake ni kwamba anaanza mapema. Basi na sisi tuzitaje kazi zetu moja moja, ili mtu akizima redio ajue aanzie wapi.

Kwanza ni mbegu. Tuyatoe maharage tuliyoweka tangu mavuno ya Juni, tuondoe yaliyotobolewa na wadudu. Kisha tuchukue punje 10, tuzifunge katika kitambaa chenye maji kidogo, tuzichungulie kila siku. Baada ya siku tano au sita, zikiota 8 au zaidi, mbegu yetu inafaa. Zikiota 5 tu, ni heri kujua leo, wakati jirani bado ana mbegu ya kubadilishana nasi, kuliko kujua Oktoba wakati shamba limejaa mapengo. Na miti ya mihogo tuikate kwenye mashina yenye majani safi. Shina ambalo majani yake yamejikunja na kuwa na madoa ya manjano lina ugonjwa wa mozaiki, na ugonjwa huo unasafiri ndani ya mti tunaoupanda.

Pili ni udongo. Wengi wetu tumezoea kuchoma majani makavu, shamba likaonekana safi. Lakini tumelivua nguo. Mvua ya kwanza inapopiga udongo ulio wazi, inachukua ile sehemu ya juu yenye mboji, inaipeleka mtoni na ziwani. Majani yale tuyatandaze katikati ya lengalenga na chini ya migomba. Yanayobaki tuyatie katika shimo la mbolea pamoja na maganda ya jikoni, majivu kidogo, na samadi ya mbuzi au ya simbilisi.

Tatu ni mifereji. Shamba la mlimani linahitaji mitaro inayokata mteremko, isiyoshuka nao, na juu ya ukingo wake mstari wa matete. Mizizi ya matete inashika udongo, majani yake yanalisha mbuzi. Mitaro iliyojaa mchanga tangu mwaka jana tuizibue sasa, maana kuchimba katika tope ni kazi mara mbili.

Wapendwa, hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Maji hayajui mpaka wa shamba. Mji wetu umejengwa juu ya mabonde na miinuko: nyumba ya mmoja iko juu ya paa la mwingine. Mfereji tulioujaza chupa na mifuko ya plastiki huku juu unamwaga maji kitandani kwa mama anayelala huko chini na watoto wake. Tunamwombea mama huyo Jumapili. Jumamosi tumzibulie mfereji.

Hatujasahau Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, ambako maji yalichukua watu zaidi ya 400. Mtu asiseme kwamba waliokufa walikuwa wavivu au wenye dhambi kuliko sisi. Yako maji ambayo hakuna jembe linaloweza kuyazuia. Lakini yako pia maji madogo ya kila wiki, yanayokula ukuta polepole na kuondoa udongo kikapu kwa kikapu, na hayo yako katika uwezo wa mikono yetu.

Na wako ndugu zetu ambao mwaka huu wanalima kipande cha kuazima, kwa sababu chao wamekiacha nyuma wakikimbia vita. Wako wajane, na wazee ambao mgongo umekataa jembe. Maharage yanataka karibu miezi mitatu tangu kupandwa hadi kuvunwa. Anayepanda mvua inapoanza atakula ya kwake kabla ya Noeli. Anayechelewa majuma matatu atanunua chakula majuma matatu zaidi, na wengine hawana cha kununulia. Kwa hiyo aliyemaliza shamba lake Jumatano asikae kivulini Alhamisi. Aende kwa jirani na jembe lake, wala asingoje kuitwa.

Tunaomba kila chumba cha maombi kifanye salongo Jumamosi hii: vijana mifereji, akina baba mitaro ya wajane, akina mama kuchagua mbegu na kugawana na aliyepungukiwa. Saa tatu au nne za asubuhi zinatosha kwa mtaa mmoja.

Kisha tuombe mvua tena, kwa sauti kubwa kuliko jana. Ikinyesha usiku, tuisikie juu ya mabati, tumshukuru Mungu, na tulale, sisi na jirani wa chini.