Mwanafunzi na Mtu wa Kuketi Naye
Hotuba ya wajumbe wa elimu wa kamati ya wakazi, iliyosomwa Kakuma katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya vijana wanaomaliza kidato cha nne na kutaka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya nchi za nje. Hatutasema juu ya akili zao. Akili wanazo. Tutasema juu ya karatasi, tarehe na mtu wa kuketi naye, kwa maana hayo ndiyo yanayowaangusha.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992. Mwaka huohuo ulianza mpango wa DAFI, kwa fedha za serikali ya Ujerumani na usimamizi wa UNHCR, ambao husomesha wakimbizi hasa katika vyuo vya nchi zilizowapokea. Shirika la WUSC la Kanada lilitangulia, mwaka 1978. Katika mpango wake, wanafunzi wa vyuo vya huko huchanga kidogo kidogo ili mwenzao mkimbizi aende akasome, naye hupata ukaazi wa kudumu. Milango hii miwili inajulikana hadi kwa watoto. Nafasi zake ni chache kuliko wanaozitaka, basi vijana wengine huandika moja kwa moja kwa vyuo, na huko hakuna anayewangoja.

Tuanze na jina. Cheti cha mtihani kinasema hivi, karatasi ya kuandikishwa inasema vile. Jina la babu limetangulizwa, au karani mwenye haraka ameongeza herufi. Tena wengi wetu tulizaliwa 1 Januari, kwa kuwa siku ya kuandikishwa hakuna aliyekumbuka tarehe. (Ingekuwa kweli, kambi isingelala siku hiyo kwa sherehe.) Msomaji wa maombi aliye mbali akiona majina mawili hudhani ni watu wawili. Kusahihisha huchukua miezi, kwa hiyo kazi hii ni ya kidato cha tatu, isingoje matokeo yatoke.

Kisha saa. Maombi ya vyuo vya Uingereza hupitia UCAS, na tarehe yake kuu ya Januari hufungwa saa 12 jioni ya kwao, yaani saa 3 usiku ya hapa. Kijana anayengoja usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi, hukuta mlango umefungwa.

Walimu wetu, mtuvumilie kidogo. Tumesoma barua nyingi zinazosema, "Mwanafunzi huyu ni mtiifu na ana adabu." Kwetu hiyo ni sifa kubwa. Kwa msomaji wa chuo cha ng'ambo haimwambii kitu, maana watiifu anao elfu. Anataka kujua mtoto aliuliza swali gani darasani, au alimfundishaje jirani yake hesabu za milinganyo kwa mwanga wa tochi. Tunajua darasa lako lina watoto wengi mno. Ndiyo maana tunataka mshauri amletee mwalimu ukurasa mmoja wa mambo aliyoyatenda mtoto, mwalimu achague anayoyajua kuwa kweli.

Wapo pia waliosoma Kongo wakaja na Diploma ya Serikali. Pale asilimia 50 ni kupita, na mwenye 60 hutembea kifua mbele. Mgeni wa mfumo ule akiona 60 huona mtoto dhaifu. Mstari mmoja wa maelezo kutoka kwa mwalimu hutosha kuokoa cheti hicho, lakini ni lazima mtu aukumbuke.

Jambo gumu ni insha ya kujieleza. Vijana huandika vita tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba chuo hupima nani ameteseka zaidi. Wengine, kwa heshima tuliyowafundisha sisi wenyewe, huandika kwamba hawajui kitu na wanaomba kuhurumiwa. Mshauri mwema huuliza tu: baada ya hapo ulifanya nini? Unapenda kusoma nini, na ulianza lini? Tumemsikia binti aliyeona aibu kuandika kwamba hutengeneza redio za majirani, akidhani ni jambo dogo. Mshauri asimwandikie. Insha iliyoandikwa na mtu mzima hujulikana, na mtoto akiitwa kuhojiwa hataweza kuitetea.

Fedha nazo zisomwe kwa makini. Barua ya kukubaliwa si barua ya kulipiwa. Vyuo vingi vya Marekani husamehe ada ya maombi kwa asiye na uwezo, ila karo, chakula na nauli ni hesabu nyingine. Na kabla ya hayo yote iulizwe nchi. Mwezi Juni 2025 Marekani ilitangaza kuwafungia raia wa Somalia na Sudan, na kuzuia viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Mshauri asiyefuatilia habari za namna hiyo humchosha mtoto bure. Hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotajwa katika Mkataba wa 1951, nayo iombwe mapema.

Na yeyote anayekuuzia fomu ya DAFI au ya WUSC anakuibia. Haziuzwi.

Wazazi, mwaka 2025 misaada ilipokatwa na mgao wa chakula ukapungua, kukaa mbele ya kompyuta kulionekana anasa. Hatuwalaumu. Lakini tumeona ni msichana anayeitwa kwanza akateke maji, na kaka yake huachwa aandike. Mpeni binti saa mbili za jioni, siku tatu kwa wiki, tangu Septemba hadi Januari.

Ndugu wa mashirika, kwenu tunaomba chumba chenye umeme saa hizo za jioni, na kila mmoja wenu aliyepita chuo kikuu achukue mwanafunzi mmoja, mmoja tu, amalize naye. Waliokwisha kusafiri tunawaandikia wenyewe. Kadhaa wamekubali kusoma insha kwa simu.

Majina ya washauri tunayapokea leo, mezani pale karibu na jukwaa. Wanafunzi wa kidato cha tatu waje na nakala ya cheti na karatasi ya kuandikishwa, tulinganishe majina.