Mshipi Umefungwa, na Maji Je?

Serikali inapomkataza mtu kuvua, swali langu la kwanza ni hili: nani mwingine amekatazwa kitu siku hiyo hiyo? Leo swali hilo nalipeleka California, Marekani. Mwezi wa Aprili 2023, Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki lilipitisha kufungwa kwa bahari yote ya jimbo hilo kwa uvuvi wa samoni. Wavuvi wa biashara walifungiwa. Wenye mshipi nao walifungiwa, wale wanaotoka Jumamosi na watoto wao kutafuta kitoweo na furaha ya siku. Muda si mrefu mito ya Sacramento na Klamath ikafuata. Mwaka 2024 amri ikarudiwa. Mwaka 2025 wavuvi wa biashara walikaa nchi kavu kwa mwaka wa tatu mfululizo, na wenye mshipi wakapewa siku za kuhesabu, zikianza na Juni 7 na 8, kwa mgao wa samaki 7,000 tu pwani nzima. Wikendi hiyo moja ilitosha kuumaliza mgao na kuupita.

Niseme wazi kwamba naunga mkono kufunga. Samoni mkubwa wa Pasifiki, yule wanayemwita chinuku, huzaliwa mtoni kwenye maji matamu, huteremka baharini angali mdogo kama kidole, hukulia huko, kisha hurudi kwenye mto ule ule alimozaliwa. Hutaga mara moja katika maisha yake, akafa. Kila jike anayenaswa baharini ameondoka na maelfu ya mayai. Mwaka 2022, samoni wa vuli waliorudi mto Sacramento na vijito vyake walikuwa kama 62,000, ilhali kiwango cha chini kinachotakiwa ni 122,000. Kwa hesabu hiyo, kiongozi ambaye angeruhusu msimu uendelee kama kawaida angekuwa anawauza watoto wa wavuvi hao hao.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya kufunga. Unguja na Pemba vipo vijiji vinavyofunga miamba ya pweza kwa miezi mitatu, na siku ya kufungua watu humiminika mwambani wakaona faida kwa macho yao, maana pweza hukua upesi. Ziwa Tanganyika nalo lilipumzishwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Samoni hana wepesi huo. Yai linalotagwa mwaka huu, mvuvi ataliona likiwa samaki wa kuvuliwa baada ya miaka mitatu hivi. Ndiyo maana samoni waliokosekana mwaka 2023 ni wale ambao mayai na vifaranga vyao viliharibikiwa mtoni miaka ya ukame mkali iliyotangulia, wakati mvuvi wa mshipi alikuwa bado anafuata kila sheria aliyopewa: samaki wawili kwa siku, ndoana isiyo na kishikizo, mdogo arudishwe majini.

Twende basi mtoni, mahali mambo yalipoharibikia. Jike wa samoni hulala ubavu juu ya kokoto, akapiga mkia hadi shimo litokee. Humo hutaga, dume akayarutubisha mayai, kisha jike hufukia kwa kokoto alizozichimbua juu kidogo. Mayai yanakaa gizani majuma kadhaa, yakitegemea maji baridi yanayopenya katikati ya mawe kuyaletea hewa. Maji hayo yakivuka nyuzi 13 hivi za Selsiasi, mayai yanaanza kufa. Zamani samoni wa Sacramento walipanda hadi milimani kwenye chemchemi baridi. Bwawa la Shasta, ukuta wa mita 183 uliokamilika mwaka 1945 na usio na njia ya samaki kupita, liliwakatia safari hiyo. Kwa hiyo wanataga chini ya bwawa, na ubaridi wa mto unategemea maji ya kina yaliyobaki nyuma ya ukuta. Yakishatolewa mapema kiangazi kwenda mashambani, yanayofuata ni ya moto. Mwaka 2021, katika kundi la samoni wanaopanda majira ya baridi, kila mayai 100 yalitoa vifaranga visivyofika vitatu vilivyonusurika.

Katika maji yote yanayotumiwa na watu California, kama sehemu nne kati ya tano huenda kwenye kilimo. Jimbo hilo ndilo linalotoa lozi nyingi kuliko mahali popote duniani. Wakulima nao wana familia na madeni, na sitawageuza kuwa maadui. Bahari nayo ina lake: samoni wa miaka hii wamekuwa wakila zaidi aina moja ya dagaa, wakarudi mtoni na upungufu wa vitamini B1, vifaranga vyao vikafa. Hata hivyo, mwenye mshipi alipoambiwa abaki nyumbani kabisa, nani mwingine aliambiwa asichukue hata tone? Hapo ndipo ninapogombana na serikali. Amri ya kutovua haipoozi mto.

Na gharama ya amri hiyo imeangukia watu wachache. Huko Bodega Bay, Half Moon Bay na gatini San Francisco, manahodha wa mashua za kukodi walikuwa wakiishi kwa abiria wanaolipia nafasi ya kuvua samoni. Baada ya kufungiwa, wengine wakawa wanawapeleka watu kutazama nyangumi, wengine kumwaga majivu ya marehemu baharini. Duka la chambo lilikosa wateja, na mkahawa uliokuwa ukimpa mvuvi chai ya alfajiri vilevile. Serikali ya shirikisho ilitenga zaidi ya dola milioni 20 kwa hasara ya mwaka 2023, lakini tangazo lenyewe lilikuja mwaka 2024, baada ya watu kupitisha mwaka mzima bila kipato hicho. Kwa Wayurok, wenyeji wa mto Klamath, hasara imepita ya fedha: tamasha lao la samoni la mwaka 2023 lilifanyika bila samoni.

Lakini ni kwenye mto huo huo wa Klamath ninapopata ushahidi kwamba serikali ikitaka inaweza kugusa maji. Mwaka 2002 samaki wasiopungua 34,000, karibu wote samoni, walikufa humo, maji yakiwa machache na ya moto, na Wayurok na jirani zao hawakunyamaza tena. Walidai mabwawa yavunjwe. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 2024 kazi ya kuondoa mabwawa manne ilikamilika, na Oktoba hiyo hiyo chinuku walionekana jimbo la jirani la Oregon, juu ya mahali mabwawa yalipokuwa, sehemu ambayo samaki hao hawakuifikia tangu mwaka 1912.

Shasta haitavunjwa, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba siku serikali itakaposoma tena tangazo la kumfungia mwenye mshipi, tangazo hilo hilo litaje kiasi cha maji baridi kitakachowekwa nyuma ya ukuta hadi mayai ya vuli yaanguliwe, na ofisi itakayojibu kiasi hicho kisipokuwepo. Na fidia ya manahodha itoke msimu ule ule wanaofungiwa.