Kiingilio cha Boma na Jasho la Akina Mama

Mazungumzo kwa madereva waongozaji na wenyeji wa maboma ya utamaduni



Mgeni anayetoka kreta ya Ngorongoro kuelekea Serengeti huyaona maboma ya Wamaasai kando ya barabara, na mara nyingi huomba gari lisimame. Langoni, dereva na msemaji wa boma huteta pembeni na kiingilio hulipwa. Kisha akina mama hujipanga wakaimba, vijana wakaanza kuruka. Muda si mrefu mgeni huinama na kuingia nyumbani mwa mtu.

Hapo ndipo ziara nyingi huharakishwa, ilhali nyumba ina mengi ya kusimulia kuliko ngoma. Kwa mila ya Wamaasai, mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Yeye hukata fito, huzifunga, na kuzikandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Mvua zikiharibu paa, yeye ndiye hupanda kulikandika upya. Mgeni akielezwa hayo, huiweka kamera chini akauliza maswali. Asipoelezwa, huondoka akidhani ameonyeshwa umaskini.

Mama huyohuyo ndiye mwenye shanga zilizotandazwa uwanjani. Shanga za kioo zililetwa na biashara ya ng'ambo, lakini upangaji wa rangi zake ni elimu ambayo binti huipokea kwa mama yake. Dereva anapopiga honi wakati mgeni ndiyo kwanza ameishika bangili, kazi ya siku kadhaa hurudi kwenye kitambaa bila kununuliwa.

Na kiingilio je? Ng'ambo ya mpaka, Maasai Mara nchini Kenya, madereva kubaki na sehemu kubwa ya fedha za maboma ni jambo lililolalamikiwa hadharani kwa miaka mingi. Ugonjwa huo hauhitaji pasipoti. Dawa yake si ngumu: bei iandikwe langoni, mgeni alipe mwenyewe na kupewa risiti, na mtunza hazina wa boma awe miongoni mwa wanaoimba na kuuza shanga. Posho ya dereva, kama ipo, itajwe mbele ya wote.

Pale ambapo sehemu ya kiingilio huingia katika mfuko wa kijiji, taarifa yake husomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na ana haki ya kuuliza. Wanawake wengi huketi nyuma kabisa katika mikutano hiyo, wasogee mbele.

Watoto wasitolewe darasani kuja kuimba. Picha iombwe, hata kwa mzee asiyejua Kiingereza. "Supai" kwa mwanamume na "takwenya" kwa mwanamke hufungua mlango vizuri.

Vikundi vya shanga vinavyotaka mtaji vifike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ni ya wanawake. Kikundi kije na katiba yake, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki.